Maziwa ya Mtangulizi

Vitoto vyote vilikuwa vimekufa.

Daktari Nakijwa Kiangi alivikuta asubuhi ile vimetawanyika juu ya pamba, ndani ya kizimba cha kioo. Jana yake aliviacha vinene, vyekundu, vikigombania chuchu. Sasa ngozi zao zilikuwa zimejaa madoa ya zambarau, na puani mwa kila kimoja palikuwa na tone la damu lililokwisha kauka.

Lakini kilichomtoa jasho ndani ya suti yake ya kinga hakikuwa vifo hivyo. Kilikuwa mama yao. Panya yule alikuwa mzima wa afya, macho yanang'aa, manyoya yamelala vizuri mgongoni. Alitafuna punje ya mtama, akanawa uso kwa viganja vyake vidogo, kisha akaanza kuvikusanya vitoto vyake kwa mdomo, kimoja kimoja, na kuvilaza chini ya tumbo ili avinyonyeshe.

"Mbonea," Nakijwa aliita kwenye kipaza sauti cha kofia yake. "Njoo chumba cha watangulizi. Acha chochote unachofanya."

Mbonea alikuwa msaidizi wake wa maabara kwa miaka mingi, mtu mpole aliyezoea kuwasalimia panya kila aingiapo. Siku hiyo salamu ilimfia mdomoni.

"Mungu wangu! Amewaua?"

"Hajawagusa. Hakuna alama ya jino. Tazama ngozi."

Mbonea aliinama hadi kofia yake ikagonga kioo. Akasema kwa sauti ndogo, "Huu ni mvujo, daktari."

"Ndiyo."

"Lakini huyu mama alipona. Tulimpima mara ngapi? Damu yake ni safi kama maji."

"Basi hatukupima kila mahali," Nakijwa alisema. "Niletee bomba dogo la kukamulia."

Walimkamua panya yule. Alitulia mkononi mwa Mbonea kana kwamba anajua wanachotafuta. Tone la damu lilikwenda upande mmoja wa mashine, tone la maziwa upande mwingine, nao wakasimama kusubiri bila kutazamana. Upande wa damu uliwaka taa ya kijani. Upande wa maziwa ulikawia, ukasitasita, kisha ukawaka nyekundu kali.

Walirudia. Ikawaka nyekundu tena.

Nakijwa alishika ukingo wa meza. Masikioni alisikia pumzi yake mwenyewe tu, ikivuma ndani ya kofia kama upepo ndani ya mtungi.

*

Mvujo ulikuwa homa mbaya kuliko zote zilizowahi kupanda milima ya Upare. Virusi vyake vilitoboa kuta za mishipa, damu ikavujia chini ya ngozi, na mgonjwa akaisha angali anaongea na jamaa zake. Kuusoma ugonjwa huo kuliwashinda wataalamu kwa muda mrefu kwa sababu moja: panya wa kawaida hakuugua. Ukimchoma virusi vya mvujo, kinga yake ya kuzaliwa iliviteketeza kabla ya jua kuzama, akaendelea kula. Panya asiyeugua hawezi kumfundisha mtu chochote kuhusu ugonjwa.

Ndipo wakatengenezwa watangulizi. Panya mchanga aliondolewa kinga yake, akapandikizwa chembe za mgonjwa mmoja: uboho wake, ini lake, kuta za mishipa yake, hata tezi zake. Halafu saa ya mwili wa panya huyo iliharakishwa kwa dawa, ili wiki yake moja iwe kama miezi ya mwenye chembe. Akipewa virusi aliugua kama mwenyewe, na akipewa dawa alipona kama mwenyewe. Na kwa kuwa aliishi haraka, yatakayompata mtu mbele ya safari yalimpata panya kwanza. Kila aliyelazwa kwa mvujo alikuwa na mtangulizi wake kule mlimani, katika kituo kilichochimbwa ndani ya mwamba juu ya mji wa Same. Bila hao, dawa iliyouzima mvujo isingepatikana. Nakijwa mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioigundua.

Sheria iliyowalinda wagonjwa ilikuwa ngumu kama mwamba huo. Watangulizi hawakuwa na majina ya watu. Na mfanyakazi yeyote wa kituo alikatazwa kumwambia mtu yaliyompata panya wake, mpaka jaribio lirudiwe na baraza la taifa litoe ruhusa. Aliyevunja sheria hiyo alikwenda jela.

Nakijwa hakuhitaji jina. Kati ya wote waliopona, ni mwanamke mmoja tu aliyeugua akiwa na mimba changa, na ndiyo maana mtangulizi wake alipandishwa, ili waone kama mimba itasalimika. Mwanamke huyo alikuwa Namkunda, mdogo wake wa tumbo moja, na alibakiza wiki chache ajifungue.

*

Mkuu wa kituo, Profesa Mkwizu, aliyatazama majibu bila kuketi. Alikuwa mzee mrefu, mkimya, asiyepandisha sauti hata akikasirika.

"Panya mmoja," alisema.

"Vitoto vyote vya panya mmoja, Profesa."

"Panya mmoja, Nakijwa. Pengine ni kosa la kupandikiza. Pengine ni saa ya mwili tuliyoiharakisha mno. Tutapandisha wengine, tutarudia, na baraza litaamua."

"Na hadi hapo? Watoto wangapi watakuwa wamenyonya?"

Profesa alivua miwani. "Unakumbuka kijiji kilichochomwa miaka ile? Ulikuwa bado masomoni. Mtaalamu mmoja, mtu mwema, alisema mbele za watu kwamba waliopona wanaweza kuambukiza bado. Akasema 'wanaweza' tu. Kabla ya jioni nyumba zao zilikuwa zinawaka. Mimi ndiye niliyekwenda kuitambua miili. Na baadaye ikawa nini? Wagonjwa wapya waliogopa kuja hospitali. Wakajificha, wakafia majumbani, wakaambukiza wanaowauguza. Neno moja la kweli liliua watu wengi kuliko virusi vyenyewe."

Nakijwa alijua kwamba mzee yule hasemi uongo.

"Najua unamfikiria nani," Profesa aliongeza polepole. "Ndiyo maana nakuomba uniachie simu yako mpaka jioni."

Nakijwa alimtazama mtu huyu aliyemfundisha kazi, aliyemlea kitaaluma kama binti yake. Akaitoa simu mfukoni. Kabla hajaiweka mezani, ikaita mkononi mwake. Jina la mama yake likawaka kwenye kioo.

Aliipokea.

"Mwanangu!" Mama alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Umekuwa mama mkubwa! Namkunda amejifungua alfajiri, hata hospitali hatukuwahi. Msichana! Mdogo, ametangulia siku zake, lakini ana nguvu, ungesikia anavyolia!"

"Mama," Nakijwa alisema. "Amenyonya?"

"Amenyonya sana! Sasa hivi amelala, akiamka atanyonya tena. Kwa nini? Halo? Nakijwa?" Mtandao ukakatika.

Profesa alikuwa amenyoosha mkono kuipokea simu. Nakijwa aliurudisha mkono ule kwa upole, kama anavyofanya mtu kwa baba yake, kisha akageuka akatoka mbio.

*

Gari la waya lilimshusha mlimani kwa mwendo wake uleule wa siku zote, naye alisimama mlangoni njia nzima akipiga simu ya mama yake isiyopokelewa. Chini, mashamba ya mkonge yalikuwa yametulia juani. Ilimshangaza kwamba kila kitu kiko mahali pake.

Nyumba ya Namkunda ilikuwa imejaa wanawake. Uji ulikuwa jikoni, mtu anakatakata ndizi, mtu anacheka. Nakijwa alipita katikati yao bila kumsalimia hata mmoja, akafungua mlango wa chumbani.

Namkunda alikuwa ameegemea mito, uso umechoka na umejaa raha. Mtoto alikuwa ameamka, anatafutatafuta kwa mdomo, na Namkunda alikuwa anafungua vifungo vya gauni.

"Shikamoo, dada! Njoo umwone mw—"

"Usimnyonyeshe!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Jikoni kicheko kilikatika. Namkunda aliganda, mkono kwenye kifungo.

"Dada, una nini?"

Nakijwa alifunga mlango. Ndani ya chumba mlikuwa na mama yao na mama mkwe wa Namkunda, ambaye watu walimwita Bibi Ombeni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru. Nakijwa aliomba abaki na mdogo wake peke yake. Bibi Ombeni alikataa kuinuka.

"Huyu ni mjukuu wangu. Kama kuna neno, liseme."

Hapo ndipo Nakijwa alipovunja sheria. Alieleza kwa maneno mafupi, macho yake yakiwa kwenye blanketi: panya, vitoto, maziwa, taa nyekundu. Alipomaliza mtoto alianza kulia.

"Mimi nilipona," Namkunda alisema. "Wewe mwenyewe ulinisainia cheti. Ulinikumbatia pale getini. Ukaniambia, 'Nenda, umepona.'"

"Najua."

"Nimemnyonyesha mara mbili." Alivitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Mara mbili, dada. Alinyonya vizuri, nikafurahi."

Mama yao aliketi chini sakafuni, pale pale alipokuwa. Bibi Ombeni alimnyanyua mtoto akamkumbatia, kisha jambo likampitia usoni, akamnyoosha mbali na kifua chake, hajui amweke wapi. Nakijwa alimpokea. Mtoto alikuwa mwepesi na wa moto kidogo, na alifungua mdomo akamtafuta hata yeye.

*

Siku zilizofuata walikaa katika wodi ya kutengwa ya hospitali ya mji, daktari wa zamu akiwa ameambiwa ukweli na kuapa kunyamaza. Homa ilipanda jioni ya pili. Madoa mawili yalitokeza nyuma ya sikio la mtoto. Kwa kuwa walijua wanachokingoja, dawa iliingia mshipani kabla mishipa haijaanza kuvuja. Hakuna mtoto mchanga aliyewahi kupewa dawa ile. Nakijwa alipima kiasi chake kwa mkono wake, akamkodolea mtoto macho hadi yakauma.

Homa ilishuka. Mtoto akanywa maziwa ya chupa, akalala, akaamka, akalia kwa sauti yenye nguvu. Wakampa jina la Nanzia. Mama yao alipiga magoti ukumbini akashukuru kwa Kipare.

Namkunda hakushukuru. Alikaa kitandani akikamua maziwa na kuyamwaga kwenye ndoo ya dawa, mdomo umekaza.

"Wodini kule juu kituoni tulilala wengi," alisema asubuhi moja. "Kina mama wenzangu. Wewe umekatazwa kuwaambia. Mimi sijakatazwa. Mwili ni wangu, ugonjwa ulikuwa wangu. Nipe simu."

Aliwapigia wale aliokuwa na namba zao, mmoja baada ya mwingine. Nakijwa alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Wengine walilia. Mmoja alitukana akakata. Kisha Namkunda akampigia Mwajabu, mwanamke wa Kihurio aliyelala kitanda cha jirani yake, na baada ya kueleza akasubiri, simu sikioni.

"Mwajabu? Upo?"

Aliisogeza simu polepole, akaiweka mapajani.

"Anakuja," alisema. "Anasema anakuja hapa."

Mwajabu alifika mchana wa siku hiyo. Alikuwa mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, uso mkavu. Aliketi kwenye benchi nje ya wodi, akamtazama Nanzia kupitia kioo kwa muda, kisha akamgeukia Nakijwa.

"Wewe ndiye daktari wa panya?"

"Ndiyo, dada. Pole na safari."

"Mimi nilipolazwa nilimwacha mwanangu nyumbani, anatambaa. Wodini nilikuwa nakamua maziwa na kuyamwaga kila siku ili yasikauke. Manesi walinisifu. Niliporudi alinikimbilia kwa magoti, akanyonya huku ananishika pua. Mwezi haukuisha." Alisema yote kwa sauti moja, kama anayesoma. "Alitokwa na madoa. Zahanati wakasema surua. Nani angefikiri mvujo, na mimi nina cheti cha kupona? Tukazika. Mume wangu akasema nilimpeleka kliniki nimechelewa. Nami nikaamini."

Kituoni hawakumpandisha mtangulizi wa Mwajabu. Mwanamke asiye na mimba, walisema, hakuna haja. Hakuna hata mmoja, akiwemo yeye, aliyeuliza kama ana mtoto wa kunyonya nyumbani.

"Sikuja kukulaumu kwa usilolijua," Mwajabu aliendelea. "Nimekuja kukuuliza kwa ulilolijua. Ulipoona wale panya wamekufa, kama yule mama yao angekuwa wangu mimi, ungekimbia kushuka mlima?"

Namkunda alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama dada yake, naye akangoja.

Jibu lilimjia Nakijwa haraka mno, nalo ndilo lililomshtua kuliko vitoto vya panya, kuliko taa nyekundu. Aliona wazi, kama anatazama kwa darubini, siku ambayo ingekuwa: angeacha simu mezani kwa Profesa. Angerudia jaribio. Angeandika taarifa nzuri, angesubiri baraza, na usingizi ungempata.

"Hapana," alisema. "Nisingeshuka."

Mwajabu alitikisa kichwa taratibu. Hakulia. "Ahsante kwa kutonidanganya. Waliopona ni wangapi?"

"Mamia. Wengine siwajui. Wengi wametoka mikoa ya mbali."

"Ndugu yako amekwisha pata habari," Mwajabu alisema, "na sisi rafiki zake tumepata. Na hao?"

*

Profesa Mkwizu alimkuta kwenye ngazi za redio ya jamii ya mji. Ilionekana ameshuka kwa haraka. Alikuwa bado na koti la maabara, na pumzi zilikuwa fupi.

"Matokeo ya kurudia yameanza kutoka," alisema. "Ulikuwa sahihi. Na si maziwa tu, Nakijwa. Kwa madume pia tumekiona kirusi, katika mbegu. Baraza linakutana mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi."

"Ukiingia humo ndani watu watachomwa. Nimekwambia nilichokiona kwa macho yangu."

"Nimekusikia, Profesa, na ninakuamini. Naogopa kama wewe. Lakini tulificha kwa ajili yao bila kuwauliza. Yuko mama mmoja pale hospitali, hata yeye hatukumuuliza kitu mpaka akazika. Njoo tuingie pamoja. Wewe unajua maneno gani yaliwasha moto ule. Nisaidie nisiyatumie."

Mzee alisimama kwenye ngazi, anamtazama kama hajawahi kumwona. Kisha akatazama barabara, wanafunzi wanatoka shule, mwanamke anauza karanga. Hakuingia. Ila hakuondoka, aliketi ngazini, akaweka mikono juu ya magoti.

Ndani, mtangazaji alimwekea vipokea sauti masikioni. Namkunda na Mwajabu waliketi nyuma yake, wamekubali watajwe. Taa ya hewani ikawaka.

Nakijwa alijitaja jina na kazi. Akasema anavunja sheria, na kwamba atakayeadhibiwa ni yeye peke yake. Akaeleza kwamba waliopona mvujo hawaambukizi kwa kusalimiana, wala kula sahani moja, wala kulala nyumba moja. Akalirudia hilo, akalirudia tena, mpaka mtangazaji akamtazama. Ndipo akasema habari ya maziwa, na ya mume na mke. Akasema ipo dawa, na mtoto anayewahiwa anapona, kwa maana yuko mmoja hapa Same amepona. Namkunda akasogea kwenye kipaza sauti akasema, "Ni wangu." Mwajabu akasogea pia, akalitaja jina la mwanawe aliyekufa, basi, akarudi kukaa.

Simu za studio zilikuwa zimenyamaza. Nje ya kioo watu walikuwa wameanza kusimama barabarani, redio zimewashwa madukani, na hakuna aliyeweza kujua wamesimama kwa ajili gani.

Kisha simu moja ikaita. Mtangazaji akaifungua hewani.

"Halo?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, kijana, anaongea kwa kunong'ona kama mtu asiyetaka kumwamsha mtu. "Daktari, mke wangu alipona mwaka huu. Yuko hapa mbele yangu. Ananyonyesha sasa hivi, hajasikia redio. Nifanye nini?"

Nakijwa alisogea karibu na kipaza sauti.

"Mtoe mtoto kifuani," alisema. "Taratibu, usimtishe mama yake. Mwambie hana kosa. Mimi nipo, sikati simu. Nenda."

Wote studioni wakasikia viatu vya yule kijana vikivuka sakafu.